Azori Hana Kesi

Benchi letu la Kawajense ni ubao mmoja mrefu wa mninga uliolazwa juu ya matofali ya kuchoma, ubavuni mwa banda la Gervais fundi baiskeli, na kila anayelikalia hupewa jina ambalo hakuliomba. Gervais, aliyekulia Mishamo kati ya baiskeli na mihogo, ni Pini, maana hawezi kueleza jambo la mbinguni wala la duniani bila kushika cheni mkononi. Sospeter wa bodaboda ni Taarifa: redio yake ndogo inaning'inia shingoni, na analolisikia humo huwa limeshaongezeka ukubwa kabla hajaegesha pikipiki. Mzee Mwandu, Msukuma wa ng'ombe, ni Mnada. Mimi ni Hana; nikiwa likizo namshikia mama yangu birika la kahawa hapo kijiweni, na kwa kuwa chuoni nimo kwenye klabu ya midahalo, wananiita Mtoa Hoja. Sawa, hilo nimelipokea. Ila kuna jina moja ambalo tangu nishuke kwenye basi limenikwama kooni. Jonas, mfyatua matofali, yule yule ambaye matofali yake yamebeba makalio ya benchi zima, wanamwita Mume wa Dorika. Si kwa heshima. Alimwoa Dorika mwezi wa nane, kanisani, mchana kweupe, wakati mimba ya dereva wa lori la mbao imeshaonekana na dereva mwenyewe ameshaikana na kubadili njia. Mtoto akazaliwa, wa kiume. Basi benchi likaamua kwamba mwanaume wa namna hiyo hastahili jina lake mwenyewe. Atumie la mkewe.

Jumamosi hiyo mvua ilinyesha tangu alfajiri ikakatika ghafla, na mabawa ya kumbikumbi yalikuwa yamelala kwenye tope kila mahali. Kesho yake padri alikuwa anafika kigangoni kwetu kubatiza. Mwalimu Telesphor, katekista wetu, alikuwa amekaa mwisho wa benchi, Biblia yake imefungwa kwenye kitambaa, anapuliza kahawa. Hata yeye ana jina, Somo la Pili, ingawa hakuna anayelitamka akiwepo. Jonas akaja na udongo wake magotini, akasimama mbele yake.

— Mwalimu, nimekuja kwa lile suala la jina.

— Jonas, si nilishakujibu? Azori si mtakatifu.

Benchi zima likageuka.

— Azori ndiyo nini? — Sospeter aliuliza. — Mbona kama dawa ya minyoo?

— Ni jina la mtoto, — Jonas alisema.

— Mtoto yupi?

— Wangu.

Sospeter akafungua mdomo. Nikamkazia macho. Akaufunga, ila kicheko kilibaki kimechungulia pembeni.

— Nyie mnielewe, — Mwalimu Telesphor aliweka kikombe chini. — Watakatifu wapo, kalenda imejaa. Kuna Petro, kuna Karoli, kuna Kizito. Huyu bwana amewaacha wote, ameingia kwenye ukoo wa Yesu, pale mwanzo kabisa wa Injili ya Mathayo, fulani akamzaa fulani, fulani akamzaa fulani, kutoka Abrahamu mpaka Yesu mwenyewe. Na humo hakumchukua Abrahamu, hakumchukua Daudi. Kaenda katikati kabisa, kati ya Eliakimu na Sadoki, akamwokota Azori. Mtu ambaye hata mimi nikisoma huwa nampita mbio nipate pumzi!

— Kijana, — Mzee Mwandu alimwambia Jonas, — Daudi ana ubaya gani?

Jonas alikuwa bado anamwangalia mwalimu.

— Na lile la pili? — akauliza taratibu. — La kujibu?

Mwalimu akashusha sauti, lakini kwenye benchi la ubao mmoja huwezi kumnong'oneza mtu mmoja.

— Padri anauliza pale mlangoni: Mtoto huyu mmempa jina gani? Anajibu mzazi. Nimeshaongea na kaka yake Dorika, atajibu yeye. Jonas, usinielewe vibaya. Unawajua watu wetu. Ukisimama wewe ukajibu, kuna mtu benchi la nyuma atacheka. Sitaki kicheko kwenye ubatizo.

— Kicheko cha nini sasa? — Sospeter akashindwa kujizuia. — Mtoto mwenyewe akilia anapiga honi!

Gervais akacheka mpaka spana ikamdondoka kwenye karai la maji. Mzee Mwandu akageuza uso upande wa barabara, mabega yanatikisika. Jonas akabaki amesimama vile vile, kama mtu anayesubiri mvua ipite.

— Kuhusu utaratibu! — nilisema, na birika nililiweka chini kwa kishindo.

— Haya, bunge limeanza, — alisema Gervais.

— Limeanza ndiyo. Mwalimu, unamkataza baba kujibu kwa sababu watu wa benchi la nyuma watacheka. Benchi la nyuma kanisani ni nani kama si benchi hili hili? Hawa hapa! Badala ya kuwafunga midomo wanaocheka, unamfunga anayejibu. Hiyo ni haki ya nchi gani?

— Hana, mwanangu, punguza moto.

— Sipunguzi. Yupo mwanaume mmoja mtaa huu aliyekwenda kliniki na mkewe asubuhi zote za mimba ile, amekaa kwenye foleni na kina mama, ameshika kadi. Mmoja! Na ndiye huyo mmempa jina la kumcheka.

Mwalimu Telesphor si mtu mbaya, na hilo ndilo linalonikera zaidi, maana mtu mbaya ni rahisi kumshinda. Alijikuna kidevu.

— Basi tufanye hivi, — akasema. — Nipeni kitu cha kumwambia padri. Huyu Azori alifanya nini? Jina la ubatizo ni la kumwiga mtu. Mtoto akikua akauliza, wajina wangu alifanya nini, tumjibu. Mkinijibu hapa, saa hii, jioni nakwenda kulitetea jina, na kesho Jonas atajibu mwenyewe kwa mdomo wake. Mkishindwa, mtoto ni Petro na anajibu mjomba.

Jonas ndipo akakaa. Alikaa pembeni kabisa, nusu ya mwili nje ya ubao.

— Hiyo ndogo, — alisema Gervais, ameshaokota cheni kuukuu. — Azori alikuwa fundi. Hawa watu si walipelekwa utumwani Babeli, halafu wakarudi? Babeli mpaka kwao ni mbali, ni kama utoke Mishamo mpaka Dar kwa mguu, na watoto, na masufuria. Mikokoteni inakufa njiani. Lazima awepo mtu wa kukaa chini ya gurudumu. Fundi huwa hatajwi. Msafara ukifika salama, anasifiwa kiongozi.

— Hapana, — nilisema. — Aliyerudi nao ni Zerubabeli, na Zerubabeli ni baba wa babu yake Azori. Azori anazaliwa, watu wameshafika, wameshajenga, wameshaanza kugombania mipaka ya mashamba.

— Basi alikuwa anatengeneza vilivyoharibikia njiani, — alisema Gervais bila aibu yoyote.

Mzee Mwandu akakohoa, maana yake anaomba zamu ya kusema.

— Ng'wanawane, wanangu, sikilizeni. Mtu wa ukoo wa kifalme, halafu hatajwi kwa vita, hatajwi kwa kosa, hatajwi kwa shamba. Mimi namjua mtu huyo. Huyo ana ng'ombe wengi.

— Kivipi, mzee?

— Mwenye ng'ombe wengi hapendi kutajwa. Akitajwa tu, kesho wanakuja kuhesabu. Azori alikuwa na mifugo ya kutisha, ila yupo porini kimya, amevaa koti limechanika. Hata huyo Mathayo alipokuja kuuliza habari, alikuta wajukuu wameambiwa: semeni hamjui.

— Nyie wote mmelala, — Sospeter akapunguza redio ili asikike vizuri. — Hapo katikati Wagiriki waliingia. Nimesikia kwenye kipindi. Wanaingia, wanatafuta ukoo wa Daudi waumalize. Sasa jiulize: mbona Azori hana historia? Hana historia kwa sababu alikuwa usalama! Watu wa usalama hawana historia, mwanangu. Alimchukua mtoto wake Sadoki, akamficha msituni, ndani ya mzinga wa nyuki.

— Mzinga wa nyuki? — mwalimu akashtuka.

— Mtupu! Ameutundika juu ya mti kama mizinga yetu ya huku. Wagiriki wanapita chini na mikuki yao, wanaona mzinga, wanaogopa nyuki, wanapita. Mtoto yupo ndani anawachungulia.

— Na kumshusha? — aliuliza Gervais, macho yamemtoka.

— Si kwa cheni yako!

— Eh! Kumbe nilikuwa nimesema kweli, alikuwa fundi.

— Na maziwa ya kumlisha huko juu? — alisema Mzee Mwandu. — Mnaona sasa? Ng'ombe wapo.

Wakapeana mikono wote watatu, wamemaliza kumjenga Azori: fundi wa magurudumu, tajiri wa mifugo, ofisa usalama, mrina asali. Wangepewa dakika nyingine wangempandisha ndege. Hata Jonas alicheka kidogo, kwa pumzi ya puani.

Mwalimu Telesphor hakucheka.

— Andiko liko wapi? — aliuliza.

Hakukuwa na andiko. Kila mtu aliangalia kikombe chake.

— Alizaa, — nilisema. — Andiko linasema alizaa. Hicho ndicho alichofanya.

— Hata mbuzi anazaa, Hana.

— Wala hakuzaa! — nilisimama, maana hasira yangu ilikuwa imepata njia nyingine. — Tukisema ukweli, Azori hakuzaa. Wanaume hao wote wanazaa wenyewe kwa wenyewe, mmoja baada ya mwenzake, na hakuna hata mmoja aliyeshikwa uchungu. Nani alimzaa Sadoki? Kuna mwanamke alipiga kelele usiku ule, akatoka jasho, akanyonyesha. Jina lake liko wapi?

— Wanawake wametajwa, — mwalimu alijitetea. — Tamari yumo, Rahabu yumo, Rutu yumo, mke wa Uria.

— Wachache. Kwa Azori je?

— Kwa Azori hakuna.

— Nimemaliza.

— Umemaliza nini? — alisema Gervais. — Umetuongezea mtu wa pili tusiyemjua!

Wakacheka, na kwa mara ya kwanza nilihisi nimeteleza. Nilikuwa nimeshinda hoja ambayo haikumsaidia Jonas. Nilimwona anafuta udongo kwenye goti kwa kidole gumba, anaufuta na kuufuta. Nikakumbuka jambo nililolikuta siku moja chuoni, nikitafuta kitu kingine kabisa cha kumwaibisha mpinzani.

— Mwalimu, hebu fungua. Soma kwa wafalme. Yoramu akamzaa nani?

Akafungua kitambaa, akatafuta.

— Yoramu akamzaa Uzia.

— Sasa nenda kwenye kitabu cha Wafalme. Baada ya Yoramu ametawala nani?

Alichukua muda. Kidole chake kilishuka, kikapanda, kikageuza kurasa, kikarudi.

— Ahazia, — alisema. Halafu: — Yoashi. — Halafu, sauti imepungua: — Amazia. Ndipo huyu Uzia.

— Hao watatu kwa Mathayo wako wapi?

Alirudi kule mbele, akaangalia, akaangalia tena kama mtu aliyepoteza funguo ndani ya nyumba yake mwenyewe.

— Hawamo.

— Wafalme watatu, — nilisema. — Wenye taji, wenye majeshi, wenye habari ndefu zilizoandikwa. Mathayo amewaruka. Kwa nini, wasomi wana maelezo yao. Ila ameruka wafalme watatu, halafu akafika kwa Azori, asiye na habari hata moja, akamwacha humo humo.

Redio ya Sospeter ilikuwa inaimba kwa mbali. Akaizima.

— Subiri, — alisema Gervais. Alikuwa ameinyoosha cheni juu ya paja lake jeusi kwa grisi. — Cheni ikilegea, huwa naipunguza. Natoa pini mbili tatu, naunga, inakaza. Lakini siokoti tu ya kutoa. Naitoa iliyoliwa. Ile nzima siigusi.

Hakuna aliyemtania. Mzee Mwandu alivua kofia yake ya manyoya, akaiweka juu ya goti.

— Kumbe alibakizwa, — alisema. — Wakubwa wametolewa, yeye kabakizwa.

— Nimeona, — mwalimu alisema, na nilijua ameona kweli, maana hakuwa anajibu, alikuwa anawaza. — Lakini huko ni kubakizwa. Mimi niliuliza alifanya nini.

Na alikuwa sahihi! Ningeweza kumrushia kikombe. Kwenye mdahalo wowote wa haki, mwenyekiti angempa alama hiyo.

— Jonas, — alisema mwalimu, — hebu wewe useme. Ulimtoa wapi huyu mtu?

Jonas si msemaji. Alianza akiangalia chini.

— Ni ile siku ulipotusomea kwenye jumuiya, mwalimu. Nilikuwa nyuma nimembeba mtoto, Dorika alikuwa na homa. Ukawa unasoma, na mimi kila jina nalijaribu kwa mtoto, kama unavyojaribu kofia. Abrahamu. Nikakumbuka alimwambia mfalme huyu si mke wangu, ni dada yangu. Nikaliacha. Yakobo. Alimdanganya baba yake kipofu. Yuda, yule na mkwe wake. Daudi alichukua mke wa askari wake, akamwua na askari. Solomoni na wale wake zake. Kila mmoja ana kesi. Nikawa naogopa, nikasema sasa huu ni ukoo wa Yesu au ni mahakama ya mwanzo?

Sospeter alitaka kucheka, akaacha.

— Ukafika Azori. Nikasubiri kesi yake. Hukusema. Ukapita. Nikakufuata baadaye nikakuuliza, Azori alikosa nini, ukasema hakuna kinachojulikana. Nikafurahi sana, mwalimu. Azori hana kesi. — Alinyanyua uso. — Huyu mtoto amezaliwa na kesi isiyo yake. Mtaa mzima unaijua. Nilitaka jina lake tu liwe safi. Akiitwa, mtu asipate cha kuongeza.

Maji yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye bati la banda kuingia kwenye karai la Gervais. Sospeter alikuwa anatazama redio yake iliyozimwa kama vile itamwambia cha kufanya.

— Msome, mwalimu, — alisema Mzee Mwandu. — Wasome wote mpaka mwisho. Tumsikie huyu mtu akipita.

Mwalimu Telesphor ana sauti mbili, ya kijiweni na ya mimbarini, na pale alitumia ya mimbarini. Alianza kwa Zerubabeli. Zerubabeli akamzaa Abihudi. Abihudi akamzaa Eliakimu. Hakukimbia. Gervais alianza kupitisha cheni vidoleni, pini kwa pini, kila jina pini yake. Eliakimu akamzaa Azori, na mwalimu akasita hapo, kitu ambacho hajawahi kukifanya. Azori akamzaa Sadoki. Kufikia Akimu benchi lilikuwa limeshakamata mwendo. Mwalimu anataja jina, Mzee Mwandu na Gervais na Sospeter wanaitikia pamoja, kwa sauti ya chini kama wanasukuma kitu kizito:

— Eliudi…

— Akamzaa!

— Eleazari. Eleazari…

— Akamzaa!

— Matani. Matani…

— Akamzaa!

— Yakobo. Yakobo…

— Akamzaa!

— Yosefu. Yosefu…

— Akamzaa! — waliitikia wote watatu.

Kidole cha mwalimu kilikuwa kimesimama kwenye karatasi.

— Hapana, — alisema. — Hapa haisemi hivyo.

— Inasemaje?

Alisoma neno moja moja, kama mtoto wa darasa la kwanza.

— Yosefu, mumewe Maria.

Cheni ya Gervais ikasimama.

— Rudia, — alisema Mzee Mwandu.

— Yosefu, mumewe Maria. Na Maria ndiye anayemzaa Yesu.

— Mume wa Maria, — alisema Sospeter, taratibu sana, na alipolisikia likitoka mdomoni mwake mwenyewe, alilitambua. Tulilitambua wote. Hakuna aliyepanga, lakini macho yote yaligeuka kule pembeni ya ubao, alipokaa mtu nusu ndani nusu nje, na udongo magotini.

Nilikuwa nimelichukia jina lile, nimekuja na hoja za kulifuta, na kumbe lilikuwa limeandikwa pale tangu zamani, mwishoni mwa msururu wote wa wafalme na wenye kesi, kama cheo. Wote wamezaa. Wa mwisho hakuzaa, na lile neno akamzaa limekatika mbele yake. Halikupatikana la kumwita ila mume wa fulani. Halafu mtoto, Yesu mwenyewe, akapita hapo hapo, kwenye mlango huo.

— Miaka yote ninasoma, — alisema mwalimu, bila sauti ya mimbarini. — Sijawahi kusimama hapo.

Gervais alikuwa ameinua kipande cha cheni kwenye mwanga, pale ncha mbili zinapokutana.

— Hapa haikuendelea, — alisema. — Hapa iliungwa. Kila cheni ina sehemu moja iliyoungwa kwa mkono. Bila hiyo unabaki na chuma kirefu, hakiendeshi kitu.

— Mwalimu, — niliuliza, na safari hii sikuuliza ili nishinde. — Malaika alimwambia nani ampe mtoto jina?

Alijibu huku anafunga Biblia.

— Yosefu. Yeye ndiye aliyeambiwa: utamwita Yesu.

Akairudisha kwenye kitambaa chake, na sasa alikuwa anajisemea zaidi kuliko kutusemea sisi.

— Wakati wa Azori hakukuwa na mfalme. Nabii hakuna. Malaika hakumtokea mtu. Watu walikuwa wanalima na kulipa kodi kwa wageni, na ahadi ilikuwa imeshakuwa hadithi ya bibi. Na yeye akapewa mtoto, akamlea, akamfikisha. Akamkabidhi kwa kesho yake. Mkaniuliza mimi alifanya nini… hapana, mimi ndiye niliyewauliza nyie.

— Umeshajijibu, — alisema Mzee Mwandu.

— Nimejijibu.

Akageuka, akamtazama Jonas, na akavuta pumzi kama anavyofanya kabla ya wimbo.

— Mtoto huyu mmempa jina gani?

Jonas alifungua mdomo. Hakikutoka kitu. Alijaribu tena.

— Kesho itatoka, — mwalimu alisema. — Nitakuwa pembeni yako.

— Jonas, — alisema Sospeter, na sote tulisikia alivyomwita. Alijisukuma kwenye ubao, Gervais akasukumwa, Mzee Mwandu akasukumwa. — Jonas, sogea ndani bwana. Utadondoka huko.

Alikuwa anasogea ndipo Dorika alipotokea upande wa kisima, kanga kichwani, mtoto mgongoni ndani ya kitenge, anaruka madimbwi. Alipofika akatuona tulivyokaa.

— Kuna msiba?

— Hakuna, shemeji, — alisema Sospeter. — Karibu.

Dorika aliduwaa. Sospeter hajawahi kumwita shemeji.

— Nimekuja kuuliza tu kuhusu kesho, — alimwambia mumewe. — Amekubali?

— Amekubali.

— Azori?

— Azori. Na nitajibu mimi.

Dorika alifungua kitenge polepole, akamleta mtoto mbele, akampakata pale pale amesimama, na mtoto alikuwa amelala, ngumi moja shavuni. Gervais akajifuta mikono kwenye suruali ingawa hakuna aliyempa mtoto amshike. Tukamweleza Dorika, tukikatizana, habari za wafalme walioondolewa, na cheni, na yule wa mwisho. Alisikiliza huku anamtikisa mtoto kidogo kidogo. Tulipomaliza, aliuliza kitu kimoja.

— Na huyo Azori wa kule, siku alipompakata mtoto wake hivi… alijua kwamba Yesu atatokea humo?

Nilimwangalia mwalimu. Mwalimu alimwangalia Mzee Mwandu. Gervais alitazama cheni. Taarifa hakuwa na taarifa. Na mimi, ambaye sijawahi kukosa la kusema tangu nijue kusema, nilichukua birika nimmiminie Dorika kahawa ili mikono ipate kazi. Nikaliinamisha, likatoka tone moja na machicha.

Jonas alinyoosha mikono yake yenye udongo, akampokea mtoto. Alimtazama muda mrefu, jinsi unavyotazama barabara inayoingia msituni, ukiona mwanzo wake tu.